Pampu ya moyo: Kinachotokea mgonjwa anapopanda mlima

MOYO wa mtu mzima mwenye afya husukuma takriban lita tano za damu kila dakika akiwa ameketi. Mtu huyo huyo akijitwika mtungi wa maji wa lita 20 na kuanza kuupanda mteremko wa Gatwekera kuelekea Olympic, katika wadi ya Sarang'ombe mtaani Kibera, kiasi hicho huongezeka mara mbili au hata tatu kabla hajafika juu.

Hakuna anayeuamrisha moyo kufanya hivyo. Misuli ya miguu ikianza kudai oksijeni, mishipa yake hupanuka na damu nyingi hurejea moyoni. Ubongo nao huharakisha mapigo. Kuta za moyo, kwa kuwa zimenyooshwa na damu iliyoingia kwa wingi, hujikaza kwa nguvu kuliko awali.

Jambo hili la mwisho lilielezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na Otto Frank wa Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza, na hadi leo kanuni hiyo inajulikana kwa majina yao. Kwa kifupi, moyo hutoa kadri unavyopokea. Mwanariadha hodari wa mbio ndefu huweza kupitisha lita 30 kwa dakika bila kufikiria chochote ila utepe ulio mbele yake.

Hata hivyo, wapo watu ulimwenguni ambao sehemu kubwa ya damu yao husukumwa na mashine iliyopandikizwa ndani ya kifua. Swali ambalo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi ni jepesi kuuliza: mashine hiyo hujuaje kwamba mwenyewe ameanza kupanda mlima?

Jibu ni kwamba haijui.

Injini isiyosikia mwili

Pampu inayozungumziwa hapa haiondoi moyo wa mgonjwa. Hutiwa kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto, ambacho ndicho chenye jukumu la kusukuma damu mwilini kote, kisha bomba lake huunganishwa na mshipa mkuu wa damu uitwao aota. Moyo hubaki mahali pake ukiendelea kudunda kwa nguvu kidogo ulizosalia nazo.

Daktari Michael DeBakey wa Houston, Marekani, aliitumia pampu ya aina hii kwa mafanikio mnamo 1966, ingawa ile yake ilikaa nje ya mwili na ilitumika kwa siku chache tu. Mnamo 2001 matokeo ya utafiti mkubwa yalionyesha kwamba wagonjwa mahututi ambao hawangeweza kupandikizwa moyo mwingine walinufaika nayo. Baada ya mwaka mmoja asilimia 52 ya waliotiwa pampu walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliotegemea dawa pekee.

Pampu za wakati huo zilikuwa kubwa, zenye kelele, na ziliiga mdundo wa moyo. Za sasa ni ndogo kiasi cha kukaa katika kiganja cha mkono. HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina gurudumu dogo linaloelea kwa nguvu za sumaku bila kugusa kitu chochote, likizunguka maelfu kadhaa ya mara kwa dakika. Wagonjwa wake walipofuatiliwa kwa miaka mitano, zaidi ya nusu yao walikuwa hai. Huo ni muda ambao mgonjwa wa kiwango hicho hangetarajia hata kidogo miaka 30 iliyopita.

Kwa vile gurudumu halipumziki, damu hutiririka mfululizo. Wagonjwa wengi hawana mdundo wa kuhisika kwenye kifundo cha mkono, na kifaa cha kawaida cha kupimia shinikizo la damu aghalabu hushindwa kuwapima. Muuguzi asiyejua habari hii huenda akadhani aliye mbele yake amekata roho, ilhali anazungumza naye.

Kasi ya gurudumu hupangwa na daktari hospitalini na hubaki hivyo mchana na usiku. HeartMate 3 hupunguza na kuongeza kasi kwa muda mfupi kila baada ya sekunde mbili ili damu isitulie na kuganda, lakini mabadiliko hayo hayahusiani kamwe na kazi anayoifanya mgonjwa. Awe amelala au anapanda ngazi, mashine huzunguka vile vile.

Mfano wa kisima

Ajabu ni kwamba damu inayopita kwenye pampu huongezeka kidogo mgonjwa anapotembea, japo kasi haijabadilika. Sababu yake inaweza kueleweka kwa mfano wa pampu ya stima inayovuta maji kisimani. Kisima kikiwa kimekauka nusu, pampu huvuta maji kutoka mbali na hutoa machache. Mvua ikinyesha na maji yakapanda, pampu ile ile, kwa kasi ile ile, hutoa mengi.

Ndivyo ilivyo ndani ya kifua. Mgonjwa anapojikaza, damu hurejea kwa wingi katika chumba cha kushoto na moyo wake dhaifu hujitahidi kujibana. Shinikizo upande wa kuingilia pampu hupanda, tofauti kati yake na shinikizo la kwenye aota hupungua, na damu hupita kwa wepesi zaidi. Nyongeza hiyo huwa ni lita moja au mbili kwa dakika.

Kinachobaki lazima kitoke kwa moyo wenyewe. Vali ya aota, ambayo mgonjwa akiwa ametulia huenda isifunguke kabisa kwa sababu damu yote inapitia kwenye pampu, huanza kufunguka tena kila moyo unapodunda. Kwa hivyo, yule anayedhani kwamba mwenye pampu amekabidhi kazi yote kwa mashine hajaelewa mambo. Akiwa kitini, mashine ndiyo inayombeba. Akiwa mlimani, tofauti kati ya kufika na kutofika huamuliwa na misuli ya moyo ule ule uliomfikisha hospitalini.

Hii ndiyo sababu wagonjwa wawili wenye pampu za aina moja, zilizopangwa kwa kasi moja, huweza kutofautiana sana barabarani. Yule ambaye moyo wake umesalia na uwezo wa kuharakisha mapigo na kuifungua vali hutangulia.

Kuna pia chumba cha chini cha kulia, kinachopeleka damu kwenye mapafu. Pampu ya upande wa kushoto haikisaidii moja kwa moja. Chumba hicho kikiwa kimechoka, damu haifiki upande wa kushoto kwa kiasi cha kutosha na pampu hukosa cha kusukuma. Mgonjwa huvimba miguu na tumbo, na pumzi humkatika mapema.

Je, kwa nini mashine isiongezewe kasi mgonjwa anapofanya kazi? Jambo hilo limejaribiwa mara kadhaa, yakiwemo majaribio ya madaktari wa Copenhagen, Denmark, ambako wagonjwa waliendesha baiskeli za mazoezi huku kasi ya pampu ikipandishwa. Damu iliongezeka na shinikizo linalorudi nyuma kuelekea mapafuni likapungua, lakini nyongeza katika uwezo wa mwili wa kutumia oksijeni ilikuwa ndogo. Isitoshe, kasi ikizidi mno, pampu hufyonza chumba hadi kuta zake zikavutwa kwenye mdomo wa bomba, na mapigo yakavurugika.

Hesabu ya mtungi wa maji

Wataalamu hupima uwezo wa mtu kufanya kazi kwa kiasi cha oksijeni ambacho kila kilo ya mwili wake inaweza kutumia kwa dakika. Mtu aliyeketi hutumia mililita tatu na nusu hivi. Kutembea mahali tambarare kwa mwendo wa kawaida huhitaji mara tatu ya kiasi hicho, yaani takriban mililita 10 au 11.

Wagonjwa wengi wenye pampu, wanapojikaza hadi mwisho wa nguvu zao, hufikisha kati ya mililita 11 na 15. Hii ina maana kwamba kile ambacho kwa jirani yao ni matembezi ya kawaida, kwao kiko karibu na kilele. Kupanda mlima ukiwa na mzigo wa kilo 20 huhitaji mara sita au zaidi ya kiasi anachotumia aliyeketi. Hapo hesabu inakataa.

Tusiudharau ushindi uliopatikana, hata hivyo. Katika majaribio ya pampu hizi, wagonjwa ambao kabla ya upasuaji hawakuweza kutembea hata mita 200 kwa dakika sita walizidi mita 300 baada ya miezi sita. Mtu aliyekuwa hawezi kwenda msalani bila kushikwa mkono anaweza kujiogesha, kupika na kutembea hadi dukani. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliishi na pampu tangu Julai 2010 hadi alipopandikizwa moyo mwingine Machi 2012.

Lakini maisha ya Gatwekera au Bombolulu hayakupangwa kwa kipimo cha kwenda dukani. Wakazi wengi wa Sarang'ombe hutembea alfajiri hadi Eneo la Viwanda na kurejea jioni kwa miguu ili kuokoa nauli. Fundi, dobi, mchuuzi na msukuma mkokoteni wote hulipwa kwa jasho. Maji yamesogezwa karibu katika baadhi ya sehemu, mathalan na mabomba yanayopita juu ya mapaa yaliyowekwa na shirika la SHOFCO, ambalo Kennedy Odede alilianzisha Kibera mwaka 2004. Hata hivyo, mtungi bado hubebwa kutoka kioskini hadi mlangoni.

Nairobi yenyewe iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi anayovuta mkazi wake huwa na oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ile ya Mombasa. Mwenye moyo mzima huizoea hali hiyo bila kuitambua. Aliye na moyo mgonjwa hana akiba ya kulipia upungufu huo.

Halafu kuna stima. Waya hutoka kwenye pampu, hupita chini ya ngozi na kutokeza tumboni, ambako huunganishwa na kidhibiti na betri mbili zinazovaliwa kiunoni au mabegani. Betri zilizojaa huweza kudumu hadi saa 17, kisha lazima zichajiwe. Usiku mgonjwa hulala akiwa ameunganishwa na umeme wa nyumbani.

Kenya ilipopoteza umeme nchi nzima mnamo Juni 7, 2016, chanzo kilikuwa tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na huduma zilirejea baada ya saa kadhaa. Giza lililoanza usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, lilidumu hadi siku iliyofuata katika sehemu nyingi za nchi. Katika vijiji vya Kibera ambako nyaya za kubahatisha hukatwa na kurudishwa mara kwa mara, mwenye pampu angehitaji betri za ziada na njia nyingine ya kuzichaji, la sivyo kila kukatika kwa stima kungekuwa ni dharura. Pahali waya unapotokeza ngozini panapaswa kuoshwa na kufungwa upya kwa maji safi na vifaa visivyo na viini. Mgonjwa hunywa dawa za kuzuia damu kuganda na lazima damu yake ipimwe kila mara, kwani ikizidi wepesi hutoka tumboni, na ikizidi uzito huganda na kumletea kiharusi.

Bei ya pampu pekee, kabla ya upasuaji na matunzo, ni makumi ya maelfu ya dola.

Mioyo ya Sarang'ombe

Kinachowafanya wakazi wa mitaa kama hii washindwe kupanda mlima aghalabu si ugonjwa ule unaowafikisha Wamarekani kwenye pampu. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwahusisha wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi ipasavyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, umri wa mtu anayelisha familia. Ulaya na Marekani mgonjwa kama huyo kwa kawaida huwa amepita miaka 70.

Shinikizo la juu la damu ndilo lililoongoza kwa kusababisha hali hiyo, likihusika na karibu nusu ya wagonjwa. Kuziba kwa mishipa ya moyo, ambako ndiko kunakotisha katika nchi tajiri, kulihusika na chini ya mmoja kati ya kumi.

Utafiti mwingine uliofanywa Kibera kwenyewe, na matokeo yake kutolewa mwaka 2014, ulionyesha kuwa zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano ana shinikizo la juu. Wengi wa waliopatikana nalo hawakuwa na habari. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitibu shinikizo na kisukari bila malipo mtaani humo kwa miaka mingi, kabla ya kukikabidhi kituo cha afya cha Kibera Kusini kwa serikali ya Kaunti ya Nairobi mwaka 2017.

Moyo uliopambana na shinikizo kwa muda mrefu huwa na kuta nene na ngumu. Ukiupima mgonjwa akiwa amelala, unaweza kuonekana unasukuma vyema. Anapotembea haraka ndipo ubaya hujitokeza: kuta haziwezi kulegea upesi kuipokea damu inayorejea, nayo husongamana kuelekea mapafuni. Ile kanuni ya Frank na Starling inakwama mlangoni, kwa kuwa moyo usiopokea hauwezi kutoa.

Homa ya baridi yabisi huwapata watoto waliougua koo bila kutibiwa, na huathiri vali kwa njia tofauti. Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto hukakamaa na kuwa nyembamba kama tundu la kitufe. Damu huipitia polepole katika kipindi kifupi ambacho moyo umetulia kati ya pigo moja na jingine. Mapigo yakienda mbio, kipindi hicho hupungua. Ndiyo maana msichana wa shule anayeonekana mzima darasani hukosa pumzi uwanjani, na mwanamke aliyekuwa hajui lolote huzidiwa akiwa mjamzito, wakati ambapo mwili wake unadai damu zaidi hata akiwa ameketi.

Mashine ya kusukuma damu haimfai mgonjwa kama huyu. Anachohitaji ni vali yake kupanuliwa au kubadilishwa, na kabla ya hapo, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 waliokuwa na dalili za awali walifuatiliwa kwa miaka miwili. Miongoni mwa waliodungwa penisilini, chini ya mmoja kati ya 100 aliharibika vali zaidi. Kwa wale ambao hawakudungwa, wanane hivi kati ya 100 waliharibika.

Upungufu wa damu pia una sehemu yake, hasa kwa wajawazito na wenye ugonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu zikipungua hadi nusu, moyo hulazimika kusukuma damu maradufu ili kufikisha oksijeni ile ile. Ni mzigo ambao tembe za madini ya chuma, pale ambapo upungufu wa madini hayo ndio chanzo, zinaweza kuupunguza kwa gharama ndogo.

Kutembea kama tiba

Kwa muda mrefu mgonjwa wa moyo aliamriwa kulala kitandani. Amri hiyo ilidhoofisha misuli ya miguu, na misuli dhaifu huuchosha moyo zaidi kwa kuwa haijui kuitumia vyema oksijeni inayoletewa. Hata wenye pampu, baada ya damu kurudi katika kiwango cha kuridhisha, huendelea kuchoka kwa miezi mingi kwa sababu miguu yao imesinyaa.

Utafiti uliowahusisha wagonjwa 2,331 nchini Marekani, Kanada na Ufaransa, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa mazoezi yaliyopangwa hayakuwadhuru wenye mioyo dhaifu, na yaliwapa nafuu kidogo katika maisha yao ya kila siku. Wataalamu hushauri mgonjwa aanze na dakika chache mahali tambarare, kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza bila kukatika pumzi, kisha aongeze wiki baada ya wiki. Anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au uvimbe wa miguu unaoongezeka anapaswa kusimama na kwenda kumwona daktari. Anayeongezeka kilo mbili kwa siku chache hajanenepa. Ni maji yanayojikusanya mwilini.

Kipimo kinachotumiwa Marekani kuamua iwapo pampu imemfaa mgonjwa kinaweza kufanyika katika zahanati yoyote ya Sarang'ombe. Huhitaji ukumbi au njia tambarare ya mita 30, saa, na kiti cha kupumzikia. Mgonjwa hutembea akienda na kurudi kwa dakika sita, akiruhusiwa kusimama atakapo, na mwishoni mita huhesabiwa. Asiyefikisha mita 300 yumo hatarini zaidi ya mwenzake aliyezipita, na daktari huwa na sababu ya kuzitazama upya dawa zake siku hiyo hiyo.